Wezi wamenivunjia mara tatu. Je, naweza kutega umeme dirishani?

SWALI: "Habari za kazi, wakili. Nina nyumba na stoo ya vipuri vya pikipiki huku Chanika. Tangu Ramadhani wezi wameniingilia mara tatu, na mara zote wamepitia dirisha la nyuma la stoo, lile ambalo nondo yake moja imelegea. Mara ya mwisho walibeba betri, minyororo na tairi kumi na moja. Polisi nimeenda, nikapewa RB, ikaishia hapo. Fundi umeme wa mtaani ameniambia ataunganisha waya kwenye nondo, niwe nawasha swichi ninapolala na kuzima asubuhi. Binamu yangu yuko machimboni Geita, yeye anasema ataniletea baruti kidogo niiweke mlangoni, 'ya kuwatisha tu'. Mke wangu hataki hata kusikia. Mimi nasema nyumba ni yangu, mwizi hakualikwa, na kibao cha HATARI nitaweka. Sheria inasemaje? Akifa, kosa ni langu au ni lake?"

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujamaliza kusoma, mpigie binamu yako simu. Mwambie asipande basi na huo mzigo. Sababu zake nitazieleza huko chini, lakini simu isisubiri.

Sasa pole. Najua ilivyo kuamka asubuhi, ukakuta kufuli limening'inia na rafu ziko wazi, halafu ukapanga foleni kituoni ili upewe hiyo RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kikaratasi. Hasira uliyonayo ni ya haki, na sitakuhubiria usamehe. Lakini jibu la maswali yako yote mawili, la umeme na la baruti, ni hapana. Na akifa, kosa lake litabaki lake, lako litakuwa lako. Makosa ya jinai hayakatani kama madeni ya dukani. Yeye angeshtakiwa kwa kuvunja na kuiba, wewe utashtakiwa kwa kuua, na kwa kuwa yeye atakuwa kaburini, kizimbani utasimama peke yako.

Wengi wanaamini kwamba sheria zetu zinawalinda wezi na kumwacha mwenye mali mikono mitupu. Si kweli. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali yako. Na haki hiyo ni pana kuliko watu wanavyodhani: yapo mazingira, yakiwemo uvunjaji wa nyumba usiku, unyang'anyi na uchomaji moto, ambapo hata kusababisha kifo katika kujitetea kunaweza kukubalika mahakamani. Kwa hiyo ukiamka saa nane usiku, ukakutana na mtu mwenye panga kwenye korido ya nyumba yako, ukampiga na mchi wa kinu akafa, usidhani safari yako imeishia gerezani. Kesi za namna hiyo hutetewa, na wapo wanaoachiwa huru.

Ila haki hiyo ina masharti. Lazima uwe umetenda kwa nia njema. Lazima uwe umeamini kwa dhati, tena kwa sababu za msingi, kwamba ulilazimika kufanya hivyo. Na nguvu uliyotumia iwe ya kiasi kinachohitajika kwa utetezi huo, isizidi. Ukizidisha ukaua, sheria yenyewe inasema umeua bila kukusudia, na adhabu ya kosa hilo inaweza kufika kifungo cha maisha.

Masharti hayo yote yanamhusu mtu aliyekuwepo, kwa saa ileile, akiangalia kilichokuwa mbele yake. Hakimu atakuuliza: Uliona nini? Alishika nini? Ulimwambia asimame? Alikuwa anakuja au anakimbia? Je, nondo yenye waya iliona nini? Uliwasha swichi saa nne usiku, hakuna mtu uani, ukaenda kulala. Pengine hukulala hapo kabisa, ulikuwa Mbeya kwenye harusi. Kilichompiga mtu saa tisa hakikuogopa, hakikuamini, hakikupima. Hakijui kutofautisha jambazi mwenye bastola na mtoto wa jirani anayefuata mpira. Utetezi wa kujihami unaporomoka hapo, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuutumia.

Baada ya hapo mwendesha mashtaka ataigeuza kesi kwa namna ambayo wateja wangu wengi huwa hawaitarajii. Utasema, "Mimi sikumkusudia mtu fulani." Sheria ya mauaji ya kukusudia haidai umkusudie mtu fulani. Inatosha kwamba ulikuwa na nia ya kuua au kujeruhi vibaya mtu yeyote, hata kama aliyekufa siye uliyemtegea. Inatosha pia kwamba ulijua tendo lako huenda likaua mtu, ukalifanya hivyohivyo. Na kibao chako cha HATARI, ndugu yangu, kitaletwa mahakamani kama kielelezo. Wewe unakiona kama kinga, wao watakisoma kama ungamo: alijua. Adhabu ya kuua kwa kukusudia Tanzania Bara ni kunyongwa hadi kufa. Mimi kama wakili wako ningepigana kosa lishuke liwe kuua bila kukusudia, na pengine ningefaulu. Je, hayo ndiyo maisha unayoyataka kwa ajili ya tairi kumi na moja?

Asipokufa, akaungua mkono au akapoteza mguu, bado kumdhuru mtu vibaya kwa makusudi ni kosa ambalo nalo linaweza kufikia kifungo cha maisha. Halafu inafuata kesi ya madai, yaani fidia.

Hapa nitakurudisha nyuma kidogo, kwa sababu hoja ya kibao ni ya zamani kuliko babu zetu. Uingereza ya karne ya 19, wenye mashamba walikuwa wakitega bunduki zinazojifyatua zenyewe vichakani ili kuwakomesha wawindaji haramu. Mwaka 1820, katika kesi ya Ilott na Wilkes, mtu aliyekuwa akiokota njugu msituni alipigwa risasi na mtego wa aina hiyo. Akanyimwa fidia, kwa sababu aliujua mtego upo na akaingia kwa hiari yake. Hapo ndipo ilipotoka imani ya kibao. Kisha ikaja kesi ya Bird na Holbrook. Bwana Holbrook alikuwa na bustani ya maua ya tulipu yenye ukuta, aliibiwa maua, akatega bunduki bila kuweka tangazo. Siku moja mwaka 1825 tausi jike wa jirani akaruka ukuta. Kijana wa miaka 19, ambaye hakuwa mwizi wa maua wala wa chochote, akapanda ukuta kumsaidia mwenye tausi. Goti lake likasambaratika. Mwaka 1828 mahakama ikaamuru alipwe. Tayari mwaka mmoja kabla, 1827, Bunge la Uingereza lilikuwa limepiga marufuku mitego hiyo, isipokuwa kwa nyumba ya kuishi nyakati za usiku.

Utaniuliza tausi wa Waingereza anatuhusu nini sisi wa Chanika. Anatuhusu. Katika mambo ya fidia, Tanganyika ilirithi misingi ya Kiingereza inayotokana na hukumu za majaji kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na mahakama zetu bado zinaitumia pale inapofaa mazingira yetu. Kwa wasomaji wa Kenya jambo liko wazi zaidi: kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu yao kinaelekeza kwamba matumizi ya nguvu katika kujitetea au kutetea mali yapimwe kwa misingi ya sheria hiyo ya Kiingereza. Zanzibar wana sheria yao ya adhabu, lakini sioni njia yoyote ambayo mtego wako ungeonekana mzuri huko. Na ule msamaha wa usiku wa Waingereza wa 1827, usiukimbilie. Wewe utapimwa kwa Kanuni ya Adhabu ya hapa, kwa masharti niliyoyataja.

Kesi inayofanana na yako zaidi ilitokea Marekani, jimbo la Iowa. Mume na mke, Edward na Bertha Briney, walikuwa na nyumba ya urithi shambani ambayo hakuna aliyeishi. Kwa miaka kumi ikawa inavunjwa na kuibiwa. Wakaweka vibao vya kukataza kuingia, wakapigilia mbao madirishani, wapi. Mwishowe wakatega bunduki chumbani. Mume aliielekeza tumboni, mke akamsihi aishushe ielekee miguuni. Julai 1967 mtu anayeitwa Marvin Katko aliingia kutafuta chupa na mitungi ya kale, akapigwa mguuni, akakaa hospitali siku 40. Alikuwa mwizi, alikiri, akatozwa faini ya dola 50. Kisha akawashtaki akina Briney, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikathibitisha alipwe dola 30,000. Watu wengi walikasirika kama utakavyokasirika wewe. Lakini hoja ya majaji ilikuwa rahisi: usichoruhusiwa kumfanyia mtu kwa mkono wako ukiwa umesimama pale, huruhusiwi kukifanya kwa mashine ukiwa haupo. Mwenye nyumba asingeruhusiwa kumpiga mtu risasi kwa sababu ya mitungi mitupu, basi na bunduki yake nayo isingeruhusiwa. Na ona bahati ya akina Briney: kama mke asingesema neno lile la miguu, maiti ingekuwa chumbani. Wako naye hataki hata kusikia. Msikilize.

Tuje kwenye umeme wenyewe, maana huenda fundi wako atakuambia ni "shoti kidogo tu". Umeme wa nyumbani ni volti 230. Kile kifaa cha usalama kinachokata umeme mtu akiguswa hutengenezwa kikate mkondo ukivuja miliampea 30 tu, kwa sababu ukizidi hapo moyo uko hatarini kupoteza mapigo yake. Balbu ya kizamani ya wati 40 inakula takribani miliampea 174, karibu mara sita ya kiwango hicho. Kwa hiyo umeme usiotosha hata kuangaza chumba vizuri unatosha kuua mtu mara kadhaa. Tena umeme wa aina hii hukaza misuli. Mtu aliyeshika nondo kwa kiganja hawezi kuiachia, ndiyo maana tunasema umeme "umemshika". Mvua ikinyesha, nondo ikigusa bati, bati likigusa waya wa kuanikia nguo, nyumba nzima imekuwa mtego. Atakayeamka alfajiri kuanua nguo kabla hujazima swichi ni mkeo.

"Mbona watu wana uzio wa umeme?" Swali zuri, na hapa mafundi wengi wa mitaani huchanganya. Uzio halali hauunganishwi moja kwa moja na umeme wa nyumba. Unapitia mashine maalumu inayotoa mipigo mifupi sana, takribani mmoja kwa sekunde, yenye volti nyingi lakini nguvu ndogo iliyowekewa kikomo. Kati ya mpigo na mpigo mtu anapata nafasi ya kuachia na kukimbia. Uzio mrefu wa milima ya Aberdare kule Kenya unafanya kazi hivyohivyo dhidi ya tembo: anaguswa, anashtuka, anarudi nyuma. Uzio kama huo unaonekana, uko juu ya ukuta mtu asipoweza kuugusa kwa bahati mbaya, una vibao, na umefungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Unalenga kumfukuza mtu kabla hajaingia. Waya wa siri kwenye nondo unalenga kumnasa aliyekwisha kufika. Hakimu hahitaji shahada ya uhandisi kuona tofauti.

Vivyo hivyo kwa vipande vya chupa juu ya ukuta, seng'enge na miiba ya chuma. Vinaonekana mchana, vinamwambia mtu wazi "huku utaumia", na anayevipanda anajua anachofanya. Kwa kawaida havileti kesi. Vifiche ndani ya majani kwenye njia ya kupita watu na jibu linabadilika.

Baruti ni habari nyingine kabisa. Kwenye umeme, kesi kubwa inaanza mtu akidhurika. Kwenye baruti, kosa linaanza binamu yako anapoitia kwenye begi. Sheria ya Baruti, Sura ya 45, inadai kibali kwa kila hatua: kununua, kuhifadhi, kusafirisha, kulipua. Vibali hivyo viko chini ya Tume ya Madini, na hutolewa kwa ajili ya kazi ya mgodi au machimbo ya kokoto, si mlango wa stoo. Kuiweka mahali popote kwa nia ya kumdhuru mtu ni kosa kubwa jingine hata kama haijalipuka. Na wapelelezi wakikuta kilipuzi kimetegwa mlangoni, swali lao la kwanza halitakuwa wezi wa vipuri. Watafungua Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, na ukiishaguswa na sheria hiyo, dhamana utaisikia kwa wenzako. Unaweza kuja kushinda, lakini utashinda ukiwa umekaa mahabusu muda gani?

Halafu, hakuna "baruti kidogo ya kutisha". Sisi wa Dar es Salaam tuliokuwepo Aprili 2009 kule Mbagala, na Februari 2011 Gongo la Mboto, tunajua milipuko inafanya nini kwa watu wasiohusika. Zile zilikuwa ghala za jeshi, zenye watu waliosomea kazi hiyo. Wewe una stoo ya vipuri yenye oili, grisi na matairi, ukuta mmoja na chumba wanacholala watoto.

Najua utaniambia, "Haya, mawakili kazi yenu kukataza. Nifanye nini basi?" Sitakudanganya kwamba kuna kitu kitakachomzuia kila mwizi. Kuna vinavyompunguzia hamu. Taa inayojiwasha mtu akipita inagharimu kidogo, na wezi wa stoo hawapendi kuonekana. King'ora cha mlangoni kina faida moja ambayo mtego hauna: kinakuamsha wewe, na ukiamka haki yako ya kujitetea inaamka pamoja nawe. Mbwa ni mzuri, ila akimng'ata mpita njia barabarani ni wewe utakayejibu, kwa hiyo afungiwe mchana. Kamera husaidia zaidi baada ya tukio kuliko kabla, lakini picha iliyoambatanishwa na RB yako hulifanya jalada lizito kidogo. Mlinzi wa usiku ni ghali, ila mkichanga wenye maduka watano wa mtaa mmoja gharama inabebeka. Muoneni mwenyekiti wa serikali ya mtaa juu ya ulinzi shirikishi. Mimi mwenyewe nilikuwa naudharau mpaka nilipohamia mtaa ambao unafanya kazi.

Bunduki? Inawezekana kuomba leseni kwa utaratibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Lakini leseni hupewa mtu, haipewi dirisha. Silaha halali ikishategwa ijifyatue yenyewe, iko nje ya mikono yako na umerudi kwenye kesi ileile.

Na ukimkamata mwizi akiwa hai, una haki ya kumshika na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumfunga kamba mpaka kuche huku majirani wanapokezana fimbo si kukamata. Nimewaona gerezani watu wazima, wenye maduka na familia, walioanza na kofi moja.

Kuna mambo ambayo barua hii haiwezi kuyamaliza. Kama fundi ameshaunganisha waya, zima swichi kuu sasa hivi, usiguse nondo, umwite fundi mwenye leseni auondoe. Kama baruti imeshafika kwako, usiihamishe, usiifukie, usiitupe shimoni wala mtoni, usiwashe moto karibu. Watoe watu humo ndani. Tafuta wakili siku hiyohiyo, mwende pamoja kutoa taarifa kituoni ili wataalamu waje kuichukua. Aliyejisalimisha na kitu ambacho hakijamdhuru mtu husikilizwa tofauti na aliyefumaniwa nacho. Huna pesa za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada hadi ngazi ya wilaya. Waulizie kwenye ofisi ya halmashauri. Na kama tayari kuna mtu ameumia, kata umeme kwanza, kisha hospitali na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), na maelezo yako ya kituoni yasubiri wakili akae pembeni yako.

La mwisho. Katika barua yako nzima ya baruti na nyaya kuna sentensi moja umeipitia haraka: wameingia mara tatu, zote kwa dirisha moja, lenye nondo iliyolegea tangu Ramadhani. Mwite fundi wa kuchomelea leo mchana.